Kuwakumbuka Wanamuziki wa Jazi Waliotangulia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikiandika wasifu wa wanamuziki wa jazi waliokwisha kufariki, na mara moja kwa mwezi tunakutana watu kama kumi na wawili kuwasikiliza, santuri baada ya santuri. Wageni huja na maswali yanayofanana. Haya hapa, pamoja na majibu yangu.

Kwa nini unaandika juu ya marehemu, na si walio hai?

Kwa sababu ya mjomba wangu. Alipuliza saksafoni zaidi ya miaka ishirini katika bendi ya dansi ya mji wetu, Ijumaa hadi Jumapili usiku, na Jumatatu alfajiri akiwahi kazini karakana. Siku ya mazishi yake mmoja wa ndugu alisimama na karatasi akasoma wasifu wa marehemu: alizaliwa wapi, alisoma wapi, aliajiriwa lini, alistaafu lini, ameacha mjane na watoto wangapi, aliugua kwa muda gani. Nilikuwa nimeketi mkekani nikingoja saksafoni itajwe. Karatasi ikakunjwa, dua ikasomwa, tukaondoka na jeneza.

Hakuna aliyekusudia kumdhulumu. Walioandika waliona muziki ni mambo ya ujana, yasiyostahili kusomwa mbele ya maiti. Lakini mjini kwetu hakuna mtu aliyemjua kwa cheo chake cha karakana. Walimjua kwa ile saksafoni.

Mkikutana kumkumbuka mtu, mnaanzia wapi?

Kwenye sauti yake. Kwanza tunasikiliza wimbo mmoja, kimya, kisha ndipo mtu anazungumza. Nimeweka utaratibu huo kwa sababu jazi imejaa hadithi za vifo, na kifo kikitangulia hula maisha yote.

Mfano ni Charlie Parker. Karibu kila anayelijua jina lake anajua kwamba alifariki New York tarehe 12 Machi 1955, na kwamba daktari aliyeuona mwili alimkadiria umri wa miaka 50 hadi 60 ilhali alikuwa na 34. Ni kweli, na inaumiza. Ila ukianzia hapo, msikilizaji anamsikia mgonjwa, hamsikii mpigaji. Sisi tunaanza na "Ko-Ko" aliyoirekodi Novemba 1945 akiwa na miaka 25. Haifiki dakika tatu. Saksafoni yake inakimbia kwa kasi ambayo mara ya kwanza sikio linashindwa kuifuata, halafu mara ya tatu au ya nne unagundua kila noti imekaa mahali pake, hakuna iliyorushwa ovyo. Baada ya hapo ukisimuliwa habari za heroini na za chumba cha hoteli alimofia, unajua hasa ni nini kilichopotea.

Kwa nini wengi wao walikufa vijana?

Si wote. Roy Haynes, mpiga drams aliyefanya kazi na Parker huyohuyo, aliaga dunia Novemba 2024 akiwa na miaka 99. Mpiga piano Ahmad Jamal alifika 92. Lakini orodha ya waliokatika mapema ni ndefu, na sababu hazikuwa moja.

Kifua kikuu kilimchukua Jimmy Blanton, mpiga besi katika bendi ya Duke Ellington, mwaka 1942 akiwa na miaka 23, na mwaka huohuo kikamchukua mpiga gitaa Charlie Christian akiwa na 25. Heroini iliingia sana baada ya Vita Kuu ya Pili. Barabara nayo iliua: bendi zilisafiri usiku kucha, na kwa Mmarekani mweusi hoteli nyingi zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo watu walilala garini au hawakulala kabisa.

Jambo moja watu wengi hawalijui ni kadi ya polisi. Kwa miaka mingi mwanamuziki wa New York hakuweza kufanya kazi katika ukumbi unaouza pombe bila kadi hiyo. Mwimbaji Billie Holiday alinyimwa baada ya kufungwa mwaka 1947. Mpiga piano Thelonious Monk aliipoteza mwaka 1951 na akakaa miaka sita hivi bila kupiga katika kumbi hizo za mji aliokulia, akiwa katika nguvu zake zote. Holiday alipolazwa mwaka 1959 polisi walimkamata palepale kitandani, na alifariki akiwa chini ya ulinzi wao tarehe 17 Julai, umri wake miaka 44. Mtu akiniambia wanamuziki hawa walijiua kwa starehe, huwa namwomba asome kwanza habari za kadi hiyo.

Na kuna Clifford Brown, mpiga tarumbeta, ambaye hakunywa wala kutumia dawa za kulevya. Alikuwa mtu wa mazoezi na hesabu. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Juni 1956 gari walimokuwa liliacha njia kwenye mvua huko Pennsylvania, akafa yeye, mpiga piano Richie Powell na mke wa Powell, Nancy, aliyekuwa akiendesha. Brown alikuwa na miaka 25. Rafiki yake Benny Golson alimtungia "I Remember Clifford", na hadi leo wapiga tarumbeta duniani kote huipiga taratibu, wakijua wanamtaja nani.

Tarehe ya kuzaliwa nimeona imeandikwa mbili tofauti. Nifuate ipi?

Fuata karatasi iliyoandikwa karibu zaidi na tukio, lakini eleza na ile nyingine. Mpiga tarumbeta Louis Armstrong maisha yake yote alisema alizaliwa tarehe 4 Julai 1900. Alifariki tarehe 6 Julai 1971, na waliomzika waliamini alikuwa ametimiza miaka 71 siku mbili zilizotangulia. Katika miaka ya 1980 likapatikana daftari la ubatizo la kanisa moja la New Orleans: 4 Agosti 1901. Alikuwa na miaka 69.

Sisi wenye wazazi waliozaliwa "mwaka wa njaa" au "mwaka wa nzige" hatuna haja ya kushangaa. Armstrong hakudanganya, alishika tarehe aliyoijua.

Je, mwanamuziki asiyeacha hata rekodi moja anakumbukwaje?

Kwa midomo ya waliomsikia. Buddy Bolden wa New Orleans alipuliza koneti, ndugu ya tarumbeta, tangu miaka ya 1890. Wazee wa muziki huo walimtaja kuwa ndiye aliyewatangulia wote. Mwaka 1907 akapelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Jackson, Louisiana, akakaa humo miaka 24 mpaka alipofariki Novemba 1931. Alizikwa kaburi lisilo na alama. Hakuna sauti yake hata sekunde moja tunayoweza kuisikia leo.

Kilichobaki ni picha moja ya bendi yake, ya mnamo mwaka 1905. Mpiga tromboni wake, Willie Cornish, ndiye aliyeitunza. Ina watu sita, na wote sita majina yao yanajulikana: Bolden, Cornish, Jimmy Johnson wa besi, Brock Mumford wa gitaa, na wapuliza klarineti wawili, Frank Lewis na Willie Warner. Watafiti bado wanabishana kama picha iligeuzwa ilipochapwa, kwa sababu ukiitazama upande mmoja mpiga besi anaonekana wa mkono wa kushoto, ukiigeuza anakuwa hivyo mpiga gitaa. Lakini majina yapo. Watu sita maskini, muziki wao haukurekodiwa, na zaidi ya miaka mia baadaye nakaa Afrika Mashariki nikiwataja mmojammoja.

Ni kweli kwamba New Orleans watu hucheza mazishini?

Ni kweli, ila wageni wengi huona nusu ya pili tu. Bendi ya matarumbeta hulitangulia jeneza kutoka kanisani, na njia nzima ni tenzi za kanisa za polepole mno. Mpiga ngoma huweka kitambaa au hulegeza zile nyuzi za chuma za chini ya ngoma, ili mlio uwe wa kufifia, kama mtu anayebisha hodi kwa kuogopa. Kiongozi wa msafara hutembea na kofia kifuani, hatua moja, anasita, hatua nyingine. Kufika makaburini, au mahali wanapoachana na gari la maiti, wanamuaga. Ndipo mpiga ngoma anakaza nyuzi, tarumbeta inaita, na nyimbo zinageuka za furaha. Watu wanaofuata nyuma, wenye miavuli na leso, ndio wanaocheza. Marehemu amekwisha kusindikizwa kwa heshima zake zote kabla mtu hajainua leso.

Waliokuwa wakigharimia mambo haya ni vyama vya watu weusi waliochangishana senti kila mwezi ili mwanachama asizikwe kimaskini. Sisi tunaviita vyama vya kufa na kuzikana. Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza nilihisi nasoma habari za mtaa wetu.

Muziki kwa ajili ya marehemu, dini inasemaje?

Familia hazifanani, nasi tunaziheshimu. Hatupigi muziki msibani bila wafiwa wenyewe kuomba. Tunakutana siku nyingine, nyumba nyingine.

Na wanawake?

Wapo wengi, na si waimbaji tu. Lil Hardin alikuwa mpiga piano aliyesoma muziki, na ndiye aliyemsukuma mumewe Louis Armstrong aache kukaa chini ya kivuli cha kiongozi wa bendi yake, King Oliver, ajitafutie jina lake. Piano unayoisikia katika rekodi mashuhuri za Hot Five, bendi ya Armstrong, za miaka ya 1925 hadi 1927 ni yake. Waliachana, lakini Armstrong alipofariki ilifanyika tamasha la kumkumbuka jijini Chicago, tarehe 27 Agosti 1971, na Lil akapanda jukwaani. Alianguka akiwa kwenye piano, akafariki siku hiyohiyo. Hawakupishana hata miezi miwili.

Melba Liston naye alipuliza tromboni na kupanga muziki wa bendi kubwa, kazi ambayo wanaume wengi walidhani mwanamke haiwezi. Nitamrudia hapo chini, kwa sababu ana deni kwetu Waswahili, au sisi ndio tuna deni kwake.

Mtu akiwa na maovu yake, mnayaficha?

Hapana. Najua tumelelewa kwamba marehemu hasemwi vibaya. Lakini mpiga tarumbeta Miles Davis, aliyefariki Septemba 1991, mwenyewe alikiri kwamba alimpiga mkewe Frances Taylor, na Frances alikuwa mcheza dansi mwenye kazi yake aliyeiacha kwa ajili ya mume. Picha yake ndiyo iliyo kwenye jalada la santuri ya Davis ya mwaka 1961. Tukimtaja Miles tunamtaja na yeye. Tarumbeta haipungui uzuri, na mwanamke hapotei.

Kwa nini unasisitiza sana watu wa nyuma?

Kwa sababu nyota hatasahaulika, mimi niandike nisiandike. Wimbo uliotambulisha bendi ya Duke Ellington, "Take the 'A' Train", wengi hudhani ni wake. Ulitungwa na Billy Strayhorn, mtu mfupi, mpole, aliyefanya kazi pembeni ya Ellington karibu miaka 30. Strayhorn alifariki kwa saratani tarehe 31 Mei 1967. Miezi michache baadaye Ellington aliiingiza bendi studio kurekodi santuri nzima ya nyimbo za rafiki yake.

Humo mna kipande ninachokipenda kuliko rekodi zote za maombolezo ninazozijua. Kazi imekwisha, wanamuziki wanafungasha vyombo. Ellington amebaki kwenye piano na anaanza "Lotus Blossom", wimbo ambao Strayhorn alipenda kumsikia akiupiga. Mashine ilikuwa bado inarekodi. Unasikia watu wakizungumza, vitu vikigongana. Kadiri anavyoendelea kelele zinapungua, na mwisho ni piano peke yake. Tukifika hapo kwenye vikao vyetu hakuna anayegusa kikombe chake.

Jazi ina uhusiano gani na Kiswahili?

Uhusiano wa kweli kabisa. Novemba 1960, zaidi ya mwaka mmoja kabla Tanganyika haijapata uhuru, mpiga piano Randy Weston aliingia studio jijini New York na bendi kubwa kurekodi "Uhuru Afrika". Ni kazi ya sehemu nne: ya kwanza inaitwa "Uhuru Kwanza" na ya mwisho "Kucheza Blues". Mpangaji wa muziki wote alikuwa Melba Liston. Mshairi Langston Hughes aliandika shairi la uhuru, na sauti inayolisema kwa Kiswahili ni ya Mtanganyika, Tuntemeke Sanga. Serikali ya makaburu wa Afrika Kusini iliipiga marufuku.

Liston alifariki mwaka 1999, Weston mwaka 2018. Kila nikiicheza mbele ya watu wapya, Kiswahili kinapoanza kusikika wanainua vichwa na kutazamana. Kuna na vipande vingine, kama "Tanganyika Strut" waliyopiga John Coltrane na Wilbur Harden mwaka 1958, na "Mr. Kenyatta" ya Lee Morgan ya mwaka 1964, lakini hiyo ya Weston ndiyo iliyotusemesha kwa lugha yetu.

Mbaraka Mwinshehe alikuwa Morogoro Jazz, Franco alikuwa OK Jazz. Hao mnawahesabu?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na limeleta mabishano hadi usiku wa manane. Kwa mtindo wa muziki, bendi zetu zilipiga rumba, cha-cha na mitindo yao wenyewe, si jazi ya New Orleans wala ya Parker. Neno hilo lilikuja kama beji ya usasa: bendi yenye magitaa, ngoma na wapuliza vyombo, inayopigia watu dansi ukumbini. Ndiyo maana tukawa na Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, Tabora Jazz, Nuta Jazz, Vijana Jazz, na ng'ambo ya ziwa African Jazz ya Joseph Kabasele na OK Jazz iliyoundwa mwaka 1956.

Mimi nawahesabu. Walijiita jina hilo wenyewe, na sina mamlaka ya kumvua marehemu jina alilolibeba maisha yake yote. Tena msikilize Mbaraka akipiga solo: anaacha nafasi, anarudia kijisehemu, anakigeuza, anamjibu mwimbaji ambaye mara nyingi ni yeye mwenyewe. Huko ni kutunga papo hapo, ndiyo roho ya jazi yenyewe. Alikwenda na Morogoro Jazz kwenye maonyesho ya Osaka, Japani, mwaka 1970, mwaka 1973 akaanzisha Super Volcano, na Januari 1979 akafariki kwa ajali ya gari Mombasa. Mwezi uleule, siku chache kabla, Charles Mingus, mpiga besi na mtunzi mkubwa wa Marekani, alikuwa amefariki huko Mexico. Kila Januari tunawasikiliza wote wawili kikao kimoja, Mingus kwanza, Mbaraka baadaye, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba hawakai pamoja.

Wanamuziki wenyewe huombolezana vipi?

Kwa kupiga. Mwaka 1964 kundi la Blue Notes liliondoka Afrika Kusini kwa sababu weusi na mzungu mmoja walikuwa hawaruhusiwi kupiga pamoja kwa amani. Mpiga tarumbeta wao, Mongezi Feza, alifariki London Desemba 1975 akiwa na miaka 30. Wenzake wanne waliobaki, Dudu Pukwana, Chris McGregor, Johnny Dyani na Louis Moholo, walikusanyika tarehe 23 mwezi huo katika chumba cha mazoezi na kupiga bila kupanga lolote. Wanaimba, wanaita, wanagonga kengele. Si rahisi kusikiliza, na sipendekezi kwa anayeanza. Lakini aliyewahi kukaa matangani ugenini, mbali na makaburi ya kwao, ataielewa.

Mlifanyaje mwaka 2020?

Tulishindwa kukutana. Kati ya mwisho wa Machi na katikati ya Aprili ugonjwa wa korona uliwachukua Manu Dibango, Wallace Roney, Ellis Marsalis, Bucky Pizzarelli, Lee Konitz na Henry Grimes. Marsalis alikuwa mwalimu wa kizazi kizima huko New Orleans, na mji unaojua kusindikiza kuliko miji yote haukuruhusiwa kumsindikiza. Tulichoweza sisi ni kutumiana nyimbo kwa simu, kila mtu kwake, saa tatu usiku.

Sijawahi kusikiliza jazi. Nianze na nani?

Tafuta mtandaoni kipindi cha televisheni cha Desemba 1957 ambamo Billie Holiday anaimba "Fine and Mellow". Mpiga saksafoni Lester Young, mgonjwa tayari, anasimama zamu yake inapofika na kupuliza noti chache mno. Mtazame Billie usoni wakati huo: anatikisa kichwa taratibu, macho hayambanduki. Lester alifariki Machi 1959, Billie Julai yake. Ukiguswa, endelea. Usipoguswa, jaribu Armstrong.

Nina picha ya zamani ya bendi aliyokuwamo mzee wangu. Nifanye nini nayo?

Usiipake gundi, usiikate ukingo. Ipige picha kwa simu mchana, dirishani, bila mwanga wa kamera, mbele na nyuma. Kisha mwendee mzee yeyote aliye hai aliyeifahamu bendi hiyo, wiki hii, si baada ya sikukuu. Muulize kuanzia kushoto kwenda kulia: jina, alipiga nini, alitokea wapi, wimbo gani ulikuwa wake. Andika nyuma kwa penseli laini, kwa sababu wino hupenya.

Mimi ninayo ya mjomba. Wanaume saba mbele ya pazia la ukumbi, mashati ya mikono mifupi, yeye wa tatu na saksafoni imelala mkononi kama mtoto. Nilipoirithi familia ilijua majina manne. Mwaka jana mzee mmoja wa sokoni aliishika, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu, akataja jina la mpiga tumba, halafu akaimba ubeti mzima. Sasa ni matano. Wamebaki wawili: wa kwanza kushoto mwenye gitaa la rithimu, na yule aliyesimama mwisho kulia, aliyegeuza uso picha ikipigwa.